Mtoto Anayekwepa Vitabu: Dhana Potofu na Ukweli

Dhana: Mtoto asiyependa kusoma ni mvivu.

Hii ndiyo dhana iliyoenea kuliko zote, na kwa maoni yangu ndiyo inayoumiza zaidi, kwa sababu humtia mtoto hatiani kabla ya mtu yeyote kuchunguza kinachomsibu. Ukweli ni kwamba watoto wengi hukwepa kusoma kwa sababu kusoma kunawachosha au kunawaaibisha. Keti kando ya mtoto wa namna hiyo umsikilize akisoma ukurasa mmoja kwa sauti: kidole kimeganda chini ya neno, palipoandikwa "kitu" anasoma "kiti", anaruka mstari bila kujua, na afikapo mwisho wa sentensi, mwanzo wake umeshamtoka akilini, maana nguvu zake zote zimeishia kwenye herufi na silabi.

Mwaka 1986, watafiti Philip Gough na William Tunmer walieleza kuwa kusoma kwa ufahamu ni zao la mambo mawili: kutambua maneno yaliyoandikwa na kuielewa lugha yenyewe, moja likikosekana kabisa, lingine haliwezi kulifidia. Kutokana na maelezo hayo mzazi anaweza kufanya jaribio dogo nyumbani. Msomee mtoto kifungu kilekile kilichomshinda, kisha umwombe akusimulie. Akikisimulia vizuri, huenda kikwazo kiko katika kutambua maneno. Akishindwa hata baada ya kusomewa, yawezekana msamiati au mada yenyewe ni ngeni kwake. Ugumu wa kutambua maneno ukiendelea licha ya kufundishwa vizuri, inafaa achunguzwe kama ana disleksia, yaani ugumu wa kudumu wa kusoma na kuandika maneno, hali ambayo mara nyingi hurithiwa katika familia na wala si dalili ya upungufu wa akili. Macho nayo yasisahauliwe, kwani mtoto asiyeona vizuri vitu vya karibu anaweza kuzisoma bila kosa herufi zilizobandikwa ukutani.

Dhana: Akiahidiwa zawadi, atapenda kusoma.

Zawadi inaweza kumfanya asome leo, lakini kupenda ni jambo jingine. Katika utafiti uliochapishwa mwaka 1973, Mark Lepper na wenzake waliwaahidi cheti baadhi ya watoto wadogo waliokuwa tayari wanapenda kuchora. Wiki moja au mbili baadaye, watoto hao walipoachwa huru kuchagua la kufanya, walichora kwa muda mfupi kuliko wenzao ambao hawakuahidiwa chochote. Ni kweli kwamba utafiti huo ulihusu kuchora, tena kwa watoto waliokwisha kuvutiwa na kazi hiyo, kwa hiyo sisemi kwamba kila zawadi ni kosa. Ninachohofia ni mtoto kuzoea kukiona kitabu kama gharama anayolipa ili apate kitu kingine kilicho bora zaidi.

Dhana: Akishajua kusoma, hana haja ya kusomewa.

Kwa miaka mingi ya shule ya msingi, watoto huelewa kwa kusikiliza mambo mazito kuliko wanayoweza kujisomea. Ukiacha kumsomea mapema, unambakiza na visa vyepesi vinavyolingana na kasi yake ya kutambua maneno, wakati akili yake inataka visa vizito zaidi. Hapo ndipo huanza kusema kwamba vitabu vinachosha, na kwa vitabu alivyobakiziwa, hasemi uongo.

Dhana: Vitabu vya katuni si kusoma.

Ni kusoma. Vina msamiati, mfuatano wa matukio na mazungumzo ambayo msomaji lazima ayaunganishe mwenyewe na picha.

Dhana: Kitabu kikianzwa lazima kimalizwe.

Watu wazima huacha vitabu visivyowavutia bila kuulizwa, na mtoto anastahili uhuru huohuo. Mwache achague, hata kama atachagua kilekile cha wiki iliyopita. Mpokezane, ukurasa mmoja wako na mmoja wake. Akikwama kwenye neno, msubiri kidogo, kisha mtajie muendelee. Na mfunge kitabu angali anauliza kitakachotokea.