Je, wajua kwa nini tailizi mpya hukataa kushika juu ya za zamani?

Chukua kipande cha tailizi ya ukutani kilichobaki ujenzini, kigeuze mgongo, kidondoshee tone la maji. Linanywewa papo hapo, hubaki doa tu. Sasa geuza upande unaong'aa, dondosha tena: maji yanakaa juu kama shanga, na ukiinamisha yanateleza.

Uso ule ni kioo hasa, kilichoyeyushwa tanurini kwa joto la nyuzi zaidi ya 1,000. Na saruji hushika kwa kuzama: maji yake huingia kwenye vitundu vidogo, na inapoganda huota humo mithili ya mizizi. Kioo hakina pa kuotea. Ndiyo maana mtu wa Mwanakwerekwe au Chake Chake akibandikiwa tailizi mpya chooni juu ya za zamani kwa udongo wa saruji na mchanga, huziona zikianguka moja moja.

Hata hivyo kazi hii inawezekana, na kwa ukuta wa matofali ya saruji mimi naipendelea kuliko kubomoa, kwani kubomoa huondoka na plasta na mara nyingine hupasua bomba. Ila fundi asianze kabla hajagonga tailizi zote kwa sarafu, moja baada ya moja. Iliyoshika hutoa sauti fupi, kavu. Iliyoachia hulia kama kifuu; hiyo ing'olewe, pengo lizibwe. Tailizi mpya haiwezi kushika zaidi ya ile iliyoibeba, na mzigo si mdogo: pamoja na gundi yake, mita moja ya mraba hufika karibu kilo 20. Ukuta wa mita 10 za mraba ni sawa na kuutwika mifuko minne ya saruji.

Kisha mafuta na sabuni vioshwe, kioo kikwaruzwe kwa grainda mpaka mng'aro ufe, na vumbi lifutwe. Gundi iwe ile ya unga yenye polima, inayoandikwa mfukoni kuwa inafaa juu ya tailizi za zamani. Maji yake hayana njia ya kutokea nyuma, kwa hiyo gundi hukauka polepole. Msiharakishe kujaza viungo vya kati ya tailizi. Swichi na koki nazo zitahitaji kusogezwa mbele kama sentimita moja.

Mji Mkongwe ni habari nyingine, na hapa nasema msifanye. Kuta zile za mawe ya matumbawe na chokaa hupandisha unyevu kutoka chini na kuutoa kupitia usoni. Tabaka la kwanza la tailizi tayari limeuziba. La pili hukaza kifuniko. Ng'oa tailizi ya zamani katika nyumba kama hiyo, upitishe kidole nyuma yake: unga mweupe unaobaki kidoleni ni chumvi iliyokuwa ikitafuta pa kutokea.