Buibui wa Samoa na rekodi isiyo yake

Kwa miaka mingi wapenda chemshabongo wamejibu bila kusita: buibui mdogo kuliko wote duniani ni Patu marplesi wa visiwa vya Samoa. Sivyo. Mwaka 1977 wataalamu wa buibui Forster na Platnick walimtambulisha ndugu yake, Patu digua wa Colombia, ambaye dume wake ana milimita 0.37 hivi. Dume wa Samoa aliyepimwa alifika 0.43. Tofauti yenyewe haionekani kwa macho, lakini rekodi ni rekodi.

Na udogo haumaanishi ni kinda. Patu digua huyo ni buibui mzima kamili, ila hana mapafu waliyo nayo buibui wengi. Hupumua kwa mirija myembamba tu. Sifa hiyo, kwangu, inavutia kuliko rekodi.