Daraja la kimbunga likishuka, hatari haijaisha

TMA, Mamlaka ya Hali ya Hewa Tanzania, ikitangaza kimbunga, ubishi hushika vijiwe vya kahawa Bagamoyo, na mara nyingi hufungwa kwa kauli moja: "Daraja limeshuka, hamna kitu." Kauli hiyo inaweza kuua. Daraja la 1 hadi la 5 hupima kasi ya upepo tu; mvua na bahari inayosukumwa nchi kavu hazimo.

Mwaka 2005, Katrina ilishuka kutoka daraja la 5 hadi la 3 kabla ya kutua karibu na New Orleans, Marekani. Kuta za kuzuia maji zikabomoka, na takriban asilimia 80 ya mji ikafurika. Harvey iliizamisha Houston mwaka 2017 ikiwa imeshapoa, haina tena hata daraja la 1, kwa sababu ilijikongoja siku kadhaa ikimwaga mvua.

Kwa hiyo tuulizane mengine. Kimbunga kitafika maji yakijaa au yakipwa? Ni bamvua, siku za maji makubwa? Mto Ruvu umeshajaa? Soko la samaki liko ufukweni kabisa, na ngalawa zimelazwa mchangani hapo hapo. Na anayesema huku hakuna vimbunga, Aprili 1872 kimoja kilizipiga Unguja na Bagamoyo.