Ndege ya Ubia: Mfikirie Atakayeruka Baada Yako

Pitisha ukucha wa kidole gumba taratibu kwenye ukingo wa mbele wa propela ya ndege iliyotoka kutua kwenye changarawe. Ukucha ukikwama, hata kwenye pengo dogo kama punje ya mtama, umepata habari ya kumpelekea fundi. Propela ya ndege ndogo huzunguka zaidi ya mara 2,000 kwa dakika, na kila panga lake huvutwa kuelekea nje kwa nguvu ya tani kadhaa. Ufa huanzia kwenye pengo kama hilo. Fundi akiliona leo hulilainisha kwa tupa, kazi imekwisha. Likiachwa, ncha ya propela inaweza kukatika hewani, na mtetemo unaofuata una nguvu ya kung'oa injini mahali pake.

Sasa chukulia kwamba ndege hiyo ni ya watu watatu. Aliyetua kwenye changarawe Jumamosi si yule atakayeruka nayo Jumanne. Sisi tunaofanya kazi ya usalama wa ndege ndogo tunaona wabia wengi wakiteleza hapo hapo. Watu hutujia na maswali ya fedha na mikataba. Ni maswali ya haki, nami nitayajibu. Lakini ningependa waanze na hili: ukigonga kitu huko porini, mwenzako atajuaje?

Niseme mapema kwamba ubia wenyewe naupenda, na ndege za zamani nazipenda pia. Piper Super Cub iliyoanza kutengenezwa mwaka 1949, Cessna 170 ya 1948 na Cessna 180 ya 1953 bado zinatua kwenye nyasi, mchanga wa kando ya mito na viwanja vifupi vya milimani. Mabawa yake yako juu, mbali na vichaka na mawe. Gurudumu dogo liko mkiani, hivyo propela inakaa juu zaidi ya ardhi. Mitambo yake ni michache na fundi mzuri anaifahamu yote. Gharama kubwa za kuwa nayo, yaani bima, maegesho na ukaguzi wa kila mwaka, hazipungui hata usiporuka kabisa. Kuzigawa kwa watatu ni busara ya wazi.

Kuna faida nyingine ambayo wanunuzi wengi hawaijui. Injini ya ndege huharibika zaidi kwa kulala kuliko kwa kufanya kazi. Katika injini nyingi za Lycoming, kamshafti, yaani ile shafti inayofungua na kufunga vali, iko juu ya shafti kuu. Injini ikikaa wiki kadhaa bila kuwashwa, mafuta ya kulainisha huchuruzika yote kwenda chini, unyevu hukaa juu ya chuma kitupu, na kutu huanza. Siku ukiiwasha, kutu ile hukwanguliwa, na chuma kilichotoboka vijitundu huanza kulika. Mtu mmoja anayeruka saa 40 kwa mwaka mara nyingi huiacha ndege ilale mno. Watu watatu wenye saa 40 kila mmoja huifikisha saa 120, na injini inapata joto la kutosha kukausha unyevu wake. Kuiwasha pale pale chini kwa dakika tano si dawa. Huongeza unyevu ndani bila kuupa joto la kuutoa.

Kabla ya kununua, tafuteni fundi wenu, asiwe yule wa muuzaji. Ndege yenye umri wa miaka 70 imepitia mikono mingi, na vitabu vyake vya kumbukumbu vina mengi ya kusema. Someni vyote tangu ukurasa wa kwanza. Bawa lililobadilishwa si kosa, mradi kazi imeandikwa na kusainiwa. Kitabu kilichopotea ndicho cha kuogopa.

Kisha kuna sehemu ambazo historia imekwisha kutufundisha. Mihimili ya chuma inayoshikilia mabawa ya Piper nyingi za zamani huota kutu kwa ndani huku rangi ya nje iking'aa, na ndiyo maana mamlaka ziliagiza ikaguliwe mara kwa mara au ibadilishwe kwa ile iliyozibwa isiingize maji. Cessna 180 na 182 za zamani zina mifuko ya mpira ya kuhifadhi mafuta ndani ya mabawa. Mfuko ukijikunja, mkunjo hushika maji ambayo hayafiki kwenye koki ya kupimia. Unapima, unaona mafuta safi, unaruka, ndege inainamisha mabawa kwenye kona na maji yale yanaingia injini. Kwenye Cessna 182, yenye gurudumu la pua, mwombe fundi aangalie vizuri bati linalotenga injini na chumba cha rubani. Likiwa na mikunjo karibu na pale gurudumu linapofungwa, kuna mtu aliwahi kutua kwa pua. Kwenye ndege za gurudumu la mkia, aangalie pale miguu mikuu inapoingia kwenye kiwiliwili, maana ndipo pigo la kutua vibaya linapoishia.

Reli za viti nazo ni jambo la ajabu kwa udogo wake. Kiti cha Cessna hushikiliwa na pini inayoingia kwenye tundu la reli. Miaka ikipita, tundu hulika na kuwa yai. Rubani anaongeza nguvu ya kuruka, pua inainuka, pini inachomoka, kiti kinateleza nyuma, na mkono wake ukiwa bado umeshika usukani unauvuta pamoja naye. Ndege inainua pua zaidi na kupoteza mwendo karibu kabisa na ardhi. Watu wamekufa hivyo. Pimeni matundu hayo, na kila mbia ajizoeshe kusukuma kiti chake mbele na nyuma kabla ya kuondoka, ahakikishe kimenasa.

Kuhusu nani awe mbia, mimi hutazama mambo mawili: ujuzi na ukweli wake. Kampuni ya bima hutazama la kwanza tu. Itauliza saa za kila mmoja, hasa katika ndege za gurudumu la mkia, na mara nyingi mwenye saa chache ndiye huamua bei ya wote. Someni pia maneno madogo ya mkataba wa bima. Baadhi ya mikataba haifidii ajali iliyotokea nje ya viwanja rasmi, na mtu aliyenunua ndege ya porini akiwa na bima ya namna hiyo hana bima kwa safari anazozipenda.

Ujuzi wa porini haupatikani kwa kuwa na leseni. Chukua kiwanja chenye mwinuko wa futi 5,000 siku ya joto la nyuzi 30. Kiwango cha kawaida katika hesabu za urubani kwa mwinuko huo ni nyuzi 5, na kila nyuzi moja inayozidi huifanya hewa iwe nyepesi zaidi, kama vile umeongeza futi 120. Ndege yenu basi inajiona iko karibu futi 8,000. Injini isiyo na turbo hapo inatoa takribani robo tatu tu ya nguvu zake, mabawa yanahitaji mwendo mkubwa zaidi kuinua uzito ule ule, na nyasi ndefu zinavuta magurudumu. Kiwanja kilichomtosha mwenzako asubuhi akiwa peke yake kinaweza kukosa kukutosha mchana ukiwa na abiria na mizigo. Kwa hiyo nashauri wabia wawe na orodha ya viwanja vilivyoruhusiwa, na anayetaka kwenda kipya aende kwanza na mtu aliyewahi kutua hapo. Wengine huliona hilo kama kumfunga mtu mzima mikono. Mimi sioni hivyo. Ndege ni yenu sote, na mti ulio mwisho wa kiwanja haujui hisa ya nani imegonga.

Fedha sasa. Gharama zisizobadilika zigawanywe sawa kila mwezi. Gharama za kuruka zilipwe kwa saa, na kila saa iwe na akiba ya injini. Wengi hukosea hesabu ya akiba hiyo. Tuseme mtengenezaji anapendekeza injini ifanyiwe matengenezo makubwa kila saa 2,000, nanyi mnanunua ikiwa imekwisha kutumika saa 1,200. Mkiweka kwa kila saa sehemu moja ya 2,000 ya gharama, siku ikifika mtakuwa na asilimia 40 tu ya fedha inayohitajika. Asilimia 60 ilitumiwa na waliowatangulia. Ama punguzeni bei ya kununulia na muweke tofauti benki siku ya kwanza, ama gawanyeni gharama yote kwa saa 800 zilizobaki. Kumbukeni pia kalenda: Lycoming hupendekeza miaka 12 hata kama saa hazijatimia. Na kubalianeni saa zinapimwa kwa kifaa kipi. Takometa huhesabu polepole injini inapozunguka polepole, saa ya Hobbs huhesabu muda tu, na tofauti hiyo ndogo imewahi kuvunja urafiki.

Andikeni pia namna ya kutoka: hisa inathaminiwa na nani, wenzake wana siku ngapi za kuinunua kabla haijauzwa nje, na warithi wanapata nini mbia akifariki. Mwanasheria ataimaliza kazi hiyo kwa siku moja, wakati ambapo bado mnapendana.

Nirudi kwenye lile la ukucha. Mikataba mingi niliyoisoma inasema aliyekuwa akirusha ndege ndiye atalipa uharibifu wote usiolipwa na bima. Inasikika kuwa ya haki, lakini inamfanya mtu aliyetua kwa kishindo asimame peke yake kando ya ndege jioni, hakuna aliyeona, huku akijua kwamba kusema kutamgharimu na kunyamaza ni bure. Msimweke mwenzenu hapo. Napendekeza kinyume chake: uharibifu uliotajwa siku ile ile ulipwe na mfuko wa wote, na uliofichwa ulipwe na aliyeuficha peke yake, kisha atoke kwenye ubia. Wako watakaosema hilo linawapendelea wazembe. Mzembe mtamwona upesi kwa sababu atakuwa akisema, na mtaweza kumrudisha kwa mwalimu.

Mfano ulio mbaya kuliko yote ni propela kugusa ardhi. Ndege inayumba, ncha inakwaruza nyasi, injini haizimi, na propela inaonekana nzima. Hata hivyo pigo limepita kwenye shafti kuu hadi kwenye gia iliyo nyuma yake na boliti inayoishikilia. Ndiyo maana watengenezaji wa injini huagiza ifunguliwe na kukaguliwa ndani. Isipofunguliwa inaweza kufanya kazi saa nyingi bila dalili yoyote, kisha ikasimama ghafla juu ya msitu ikiwa mikononi mwa mbia ambaye hakuwepo siku ile.

Kwa hiyo, pamoja na vitabu rasmi vya ndege, wekeni daftari la kawaida la shule. Kila anayerudi aandike alikotua, hali ya kiwanja, mafuta ya injini aliyoongeza, na chochote kilichomtia shaka hata kama si kitu. Mstari kama huu unatosha: "Gurudumu la mkia lilitetemeka wakati wa kutua, upepo wa kushoto. Nimeangalia springi, sijaona ufa. Tafadhali angalia tena." Lifungeni daftari hilo kwa kamba pamoja na ufunguo wa ndege, ili asiwepo wa kuuchukua ufunguo bila kulishika.