Vitunguu vya siki vya haraka: maswali kuhusu usalama, tumbo, presha na meno

Hapa naongelea vile vitunguu unavyokata vyembamba, unavimwagia siki ya moto yenye chumvi na sukari kidogo, vikipoa unaweka friji na siku hiyohiyo unakula. Watu wanavipenda sana ila maswali ya kiafya ni mengi na majibu yanayozunguka mtandaoni mengine yanatisha bure, mengine yanadanganya kabisa, kwahiyo nimeyakusanya nijibu moja moja.

Vipimo vipi ni salama?

Chukua kitunguu maji chekundu kimoja kikubwa, menya, osha, kata slaisi nyembamba, zijaze kwenye chupa ya kioo uliyoiosha kwa sabuni na maji ya moto ikakauka. Kwenye sufuria weka siki nusu kikombe, maji nusu kikombe, chumvi kijiko kimoja cha chai na sukari kijiko kimoja cha chakula, chemsha mpaka viyeyuke, mwagia ikiwa bado ya moto alafu bonyeza kwa kijiko vitunguu vizame vyote. Hili la kuzama nalisisitiza, maana kile kipande kinachochungulia juu ya siki ndo ukungu unapoanzia. Acha vipoe, nje visikae zaidi ya masaa mawili, funga weka friji. Baada ya nusu saa vinalika, ila kesho yake vinakuwa vitamu zaidi.

Sufuria iwe ya stenlesi au ya enameli isiyobanduka. Ya alumini au shaba achana nayo, siki inakula hayo madini na yanaingia kwenye chakula.

Mbona vinakuwa vya pinki, kuna rangi imewekwa?

Hamna. Ukikaa ukaiangalia chupa utaona yenyewe, ile zambarau iliyokuwa ukingoni tu mwa kila slaisi inaanza kuachia, dakika chache siki inakuwa na waridi hafifu, baada ya saa hivi hata ule weupe wa katikati umeshika pinki. Ni rangi ya asili ya kitunguu inaitwa anthosayanini, ikikutana na asidi inang'aa kuelekea wekundu, ikikutana na kitu kama magadi inageuka bluu au kijani. Na kama umetia kitunguu saumu kikawa cha kijani au bluu usishtuke, ni kemikali zake zinavyofanya kwenye asidi, hakijaharibika.

Siki ni kali mno kwangu, naweza kupunguza nikaongeza maji?

Hapana, na hili ndo swali muhimu kuliko yote. Chumvi na sukari kwenye hii chupa ni kwa ajili ya ladha, unaweza kucheza nazo unavyotaka, lakini siki ndo inayokulinda. Kitunguu chenyewe hakina asidi ya kutosha, pH yake (kipimo cha asidi, namba ikiwa ndogo asidi ni kali zaidi) iko juu ya 5, na kuna bakteria anaitwa Clostridium botulinum anayeishi kwenye udongo, kwahiyo mazao yanayoota ardhini yanaweza kumbeba, na anapenda sehemu isiyo na hewa kama ndani ya kimiminika kilichofungwa. Akipata nafasi ya kukua anatoa sumu inayolegeza misuli, mtu anaanza kuona ukungu au vitu viwili viwili, kope zinashuka, ulimi unakuwa mzito, kumeza kunashindikana na mwisho hata kupumua. Ni ugonjwa wa nadra lakini ukiona dalili hizo unakimbia hospitali saa hiyohiyo, hausubiri asubuhi. Sasa huyu bakteria pH ikiwa 4.6 au chini ya hapo hawezi kukua, na kinachokushushia pH ni siki.

Kwahiyo soma lebo, siki iwe na asidi ya 5% au zaidi kidogo, na maji yasizidi siki. Sawa kwa sawa ndo mwisho. Mimi niliwahi kuweka siki vijiko viwili kwa kikombe kizima cha maji nikidhani nawapunguzia watoto ukali, siku ya tano nafungua chupa slaisi zinateleza kama sabuni iliyolowa, maji yamekuwa meupe meupe na harufu ya kuchacha, nikamwaga yote na tangu siku hiyo sijapunguza siki tena. Ukiona ukali umezidi ongeza sukari, au wakati wa kula chuja zile unazokula uzisuuze na maji. Alafu asidi ya asetiki kali ile ya viwandani au maabara isiingie jikoni kabisa, inaunguza koo na tumbo, tumia siki ya chakula tu.

Zikikaa kabatini zina shida gani, si kuna siki?

Hizi hazijapitia ule mchakato wa kuchemshwa zikiwa ndani ya chupa iliyozibwa, kwahiyo ni za friji tu, nyuzi 4 au chini yake, na mimi nasema zimalizike ndani ya wiki mbili. Toa kwa uma safi, sio ule uliotoka mdomoni. Ukiona ukungu, utelezi, povu linalopanda lenyewe au kifuniko kimevimba, mwaga, usionje kwanza ili uhakikishe, maana sumu zingine hazina harufu wala ladha.

Yale maji yaliyobaki naweza kuweka vitunguu vipya?

Usifanye hivyo. Karibu 90% ya kitunguu ni maji, na hayo maji yanatoka yanaingia kwenye siki, kwahiyo siki ya mwanzo imeshapoa nguvu. Itumie kwenye saladi au kulainishia nyama kabla ya kupika, basi.

Nina presha, niache?

Sio lazima uache ila hesabu. Kijiko cha chai cha chumvi ni kama gramu 5 mpaka 6, na Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asifike gramu 5 kwa siku nzima, vyakula vyote pamoja. Yani chupa moja ina chumvi ya siku nzima na ushee. Ukila slaisi chache kwenye mlo chupa ikaenda wiki ni sawa, ukimaliza chupa kwa kikao kimoja na yale maji ukanywa hapo umejiumiza. Na kwa vile nimeshasema chumvi sio inayolinda hapa, mwenye presha, figo au moyo apunguze mpaka robo kijiko au asiweke kabisa, siki ibaki palepale.

Na mwenye kisukari?

Kuna tafiti ndogo zilizoona siki ikiliwa pamoja na wanga inapunguza kidogo kupanda kwa sukari baada ya mlo, na watu wamelichukua hilo wakaanza kuacha dawa, jambo linaloniuma kweli. Vitunguu hivi ni kiungo cha chakula, havichukui nafasi ya metformin wala insulini. Punguza sukari kwenye mapishi au iache, na kama uko kwenye insulini usianze kunywa siki kama tiba bila kuongea na daktari wako.

Vinaleta vidonda vya tumbo?

Havileti. Vidonda vingi vinatokana na bakteria Helicobacter pylori au kutumia kwa muda mrefu dawa za maumivu kama aspirini, ibuprofeni na diklofenaki. Lakini kama kidonda kipo tayari, au una kiungulia cha mara kwa mara, kitunguu na siki vyote viwili vinaweza kukuchokoza, kwahiyo sikiliza mwili wako, ukiona kifua kinawaka kila ukila, acha. Na ukitapika damu au ukapata choo cheusi kama lami usihangaike na vyakula, nenda hospitali.

Vikinijaza gesi je?

Hiyo ni fruktani, aina ya wanga ambao utumbo mdogo hauwezi kuumeng'enya, ukifika utumbo mpana bakteria wanaula na kutoa gesi. Inayeyuka kwenye maji, kwahiyo sehemu yake inahamia kwenye siki, ndo maana wengine wanaona hivi vinawasumbua kidogo kuliko kitunguu kibichi. Chuja vizuri, usinywe yale maji.

Ni kweli vina bakteria wazuri wa tumbo?

Hapana, hao wanapatikana kwenye mboga zilizochachushwa taratibu kwa chumvi mpaka zikatengeneza asidi yake zenyewe. Hizi umezimwagia siki ya moto, hakuna kilichochachuka. Kula kwa utamu wake.

Watoto?

Wa chini ya mwaka mmoja usimpe, chumvi ni nyingi kwa figo zake, na kama ulitumia asali badala ya sukari ndo kabisa asiguse, asali inaweza kubeba mbegu za yule Clostridium botulinum niliyemtaja juu na utumbo wa mtoto mchanga hauwezi kuzizuia.

Meno yangu yanakufa ganzi nikivila, nipige mswaki haraka?

Usipige hapohapo. Asidi inalainisha tabaka la juu la jino kwa muda, ukisugua wakati huo unaliondoa. Sukutua na maji ya kawaida, subiri nusu saa mpaka saa nzima, ndo upige mswaki, na kama ganzi inarudi kila mara kamwone daktari wa meno.