Gavaskar hakuwa mpigaji wa kujikokota

Akitajwa Sunil Gavaskar, mpigaji wa kriketi wa India aliyekuwa akifungua zamu ya timu yake, hakosi mtu wa kukumbushia mechi ya Kombe la Dunia 1975 kwenye uwanja wa Lord's, London: Uingereza wamefikisha mikimbio 334, naye anacheza mipira 174 kwa mikimbio 36 tu. Siku ile alicheza vibaya, hilo halina ubishi. Lakini kumwita mzito maisha yake yote ni kumdhulumu. Delhi, mwaka 1983, Malcolm Marshall wa West Indies alimrushia mipira mifupi ya kasi. Gavaskar akaichapa bila woga, mikimbio mia ikatimia kwa mipira 94. Nagpur, Kombe la Dunia 1987, mipira 85 ilimtosha kufikisha mia. Subira yake katika mechi za siku tano ilikuwa kazi: kuumaliza makali mpira mpya, ambao humsumbua zaidi mpigaji mwanzoni mwa zamu. Huko ndiko alikokuwa wa kwanza duniani kufikisha mikimbio 10,000.