Mwacheni na Raba Zake za Zamani

Jumamosi iliyopita nimeisikia tena ile imani kwamba raba mpya lazima iwe bora. Mzee mmoja, mfadhili wa kijana mkimbiaji ninayemhudumia, alikuja kliniki amekasirika kweli. Amemnunulia kijana raba kutoka nje, toleo la mwaka huu, bado zinanuka gundi, na kijana amezitundika ukutani kambini. Mazoezini anakwenda na zile za toleo la nyuma, zilizopauka mpaka huwezi kujua zilikuwa za rangi gani. "Huu ni ushamba," mzee akaniambia. "Hebu zungumza naye, Dokta. Wewe atakusikia."

Wiki hiyohiyo nilikuwa nimeshaulizwa kwa nini mwanariadha akatae toleo jipya ang'ang'anie la zamani, na kocha mmoja, na dada anayekimbia na klabu ya mtaani, na mwandishi wa habari za michezo. Wote wanne kwa sauti ileile, kana kwamba wananionyesha ugonjwa. Basi naandika hapa, ili atakayeuliza tena nimtumie asome.

Mimi ni mtu wa fiziotherapia. Kazi yangu hapa Arusha ni miguu ya wakimbiaji: vigimbi, kano za kisigino, magoti, malengelenge. Viatu sivitengenezi wala siviuzi. Ninachokijua ni kile viatu vinachomfanyia mtu baada ya wiki tatu.

Imani yenyewe iko hivi: toleo jipya lazima liwe bora, kwa hiyo anayelitaka la zamani ama hana hela, ama ni mbishi, ama ana raba yake ya bahati. Watu wa namna hizo tatu wapo, nimewatibu. Lakini mtu anayekimbia kilomita 150 kwa wiki akikuambia anataka ile ya zamani, mara nyingi anakupa taarifa ya kitaalamu. Anakuambia kwamba hiki ulichomletea ni kiatu kingine chenye jina lilelile.

Chukua Pegasus ya Nike, raba iliyoanza 1983. Toleo la 36, la mwaka 2019, lilikuwa na mfuko wa hewa uliotandazwa ndani ya soli kutoka kisiginoni hadi mbele. Mwaka uliofuata likaja la 37. Ule mfuko mrefu haupo tena. Sponji la soli limebadilishwa, na hewa imebaki mbele peke yake, tena kwa mgandamizo tofauti kati ya raba za kiume na za kike. Wengi waliipenda. Lakini mtu anayetua kwa kisigino, aliyezoea kukanyaga hewa pale nyuma, sasa anakanyaga sponji. Ukimwambia "ni Pegasus ileile" atakutazama kama mtu aliyeletewa pilau lililopikwa bila viungo.

Au Kayano ya ASICS. Kwa miaka mingi raba hiyo ilikuwa na sehemu ngumu upande wa ndani wa soli, ya kumzuia mtu ambaye unyayo wake unalalia ndani. Toleo la 30, mwaka 2023, likaiondoa ile sehemu, soli ikanenepa, na kazi ya kushikilia mguu ikafanywa kwa umbo la soli na sponji laini. Kampuni ya Brooks ilikuwa imeshafanya jambo la jamii hiyo kwenye raba yake ya Adrenaline, toleo la 19. Huenda wahandisi wako sahihi. Mimi mwenyewe sina hakika kwamba ule ugumu wa zamani uliwasaidia wote waliouziwa. Ila yule ambaye mguu wake umeegemea ukuta huo miaka minane, ukiubomoa usiku mmoja, atajua asubuhi.

Sasa nije kwenye jambo linalonichosha zaidi. Watu wanachanganya teknolojia kupiga hatua na namba ya toleo kupanda. Hatua kubwa ilipigwa 2017. Mei mwaka huo Eliud Kipchoge alikimbia kule Monza, Italia, akamaliza kilomita 42.195 kwa saa 2:00:25, akiwa na raba ya ukoo wa Vaporfly ya Nike: sponji jepesi ajabu linalorudisha sehemu kubwa ya nguvu unayolikandamizia, na bamba la kaboni katikati. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Colorado walizipima kwa wakimbiaji 18, wakakuta kwa wastani zinapunguza nguvu inayotumika kwa asilimia 4 hivi, zikilinganishwa na raba za mashindano za wakati ule. Mwanariadha aliyebaki na sponji la kale siku ya mashindano baada ya hapo alikuwa anawapa wenzake zawadi. Hapo sibishani na mtu, na kijana wangu mwenyewe siku ya mashindano anavaa za kaboni.

Lakini watu wakaichukua hatua hiyo moja wakaipaka kwenye kila namba iliyofuata. Kwamba la pili linalipita la kwanza, la tatu linalipita la pili, kama madaraja ya shule. Tazama Alphafly, raba nyingine ya mashindano ya Nike. Ya kwanza, ya 2020, ilikuwa na mteremko wa milimita 4 kutoka kisiginoni hadi mbele. Ya pili, ya 2022, ilikuja nzito zaidi, kisigino kimepanuliwa, na mteremko milimita 8. Walipanua ili mkimbiaji wa kawaida asiyumbe, na kwa huyo ni faida. Kwa mtu mwepesi anayetua kwa sehemu ya mbele ya unyayo, ni uzito ambao hakuuomba. Kisha ya tatu ikarudi kuwa nyepesi. Raba hiyo, kabla haijaingia madukani, ndiyo aliyoivaa marehemu Kelvin Kiptum wa Kenya kwenye marathoni ya Chicago tarehe 8 Oktoba 2023 alipokimbia 2:00:35. Kwa hiyo uzito ulipanda, ukashuka. Aliyekataa la pili akang'ang'ania la kwanza hakuwa mshamba, na wala hakuwa anapinga maendeleo, maana la tatu lilipokuja huenda alikuwa wa kwanza kuliomba.

Na hata ile asilimia 4 ni wastani. Mwaka 2023 yalichapishwa matokeo ya wakimbiaji 7 wa Kenya wa kiwango cha dunia, waliopimwa na raba hizi za kisasa zikilinganishwa na raba ya soli bapa. Majibu yalianzia hasara ya asilimia 11.3 hadi faida ya asilimia 11.4. Someni tena namba hizo. Sponji za kizazi kimoja, watu wa daraja moja, na mmoja anasukumwa mbele wakati mwingine anarudishwa nyuma. Ukishaziona, utamwambiaje kijana kwamba hajui anachokisikia mguuni mwake?

Huo mteremko nimeutaja haraka. Niueleze, maana ndio unaoniletea wagonjwa. Kisigino kikishuka milimita chache, kigimbi na kano ya kisigino hubeba kazi zaidi kwa kila hatua. Kikipanda, mzigo mwingi zaidi huhamia gotini. Milimita 4 ukizitazama ni kitu kidogo, hazifiki hata unene wa sarafu tatu. Zizidishe kwa hatua za mbio ndefu ya Jumapili, kisha kwa wiki nne. Nimempokea dada mmoja, mkimbiaji mzuri wa nusu marathoni, aliyebadilishiwa toleo wiki tano kabla ya mashindano kwa sababu la zamani liliisha dukani. Hakuna mtu aliyemwambia kwamba mteremko umepungua. Wiki ya tatu alikuwa anashuka ngazi kinyumenyume asubuhi kwa maumivu ya kano. Alifika kwangu akijilaumu kwamba hakunyoosha misuli vizuri.

Nyuma ya hayo kuna umbo la kalibu ambalo kiatu hujengewa. Wakilibana kidogo sehemu ya vidole, namba 42 ya jana siyo 42 ya leo. Hili halihitaji maneno mengi: kucha nyeusi zinajieleza.

Kwa nini wanabadilisha? Biashara. Toleo jipya huuzwa kwa bei kamili, la zamani hushushwa bei, na duka linahitaji kitu kipya dirishani kila baada ya mwaka mmoja hivi. Tena wanunuzi wengi wa raba za kukimbilia hawakimbii mashindano, na wao wanapenda ulaini wanapoijaribu dukani. Kuna mabadiliko ya maana, kuna ya rangi, na kuna ya kanuni: tangu 2020 Shirikisho la Riadha la Dunia limeweka kikomo cha soli milimita 40 kwa mbio za barabarani, kwa hiyo hata wanaotaka kunenepesha wana mpaka.

Wapenzi wa soka wanaonisoma wamkumbuke Toni Kroos. Karibu miaka kumi alichezea daluga za adidas 11Pro, nyeupe, zilizokwishaacha kuuzwa siku nyingi, kampuni ikawa inamtengenezea yeye. Juni 2024 akazivaa Wembley, akatwaa Ligi ya Mabingwa na Real Madrid. Sijawahi kumsikia mtu akisema Kroos ana ushamba. Kijana wa kambini Arusha akifanya vilevile, anaitwa mbishi.

Yapo ambayo sijayamaliza kichwani. Benno Nigg wa Chuo Kikuu cha Calgary na wenzake walipendekeza mwaka 2015 kwamba mwanariadha anayechagua kiatu kinachomstarehesha anachagua pia kile kinachouacha mwili wake uende njia yake, na kwamba huenda hilo linampunguzia majeraha. Nalipenda wazo hilo, na nalitumia kila siku. Kuthibitishwa kwa uzito ule ninaoutaka, bado. Tena starehe inadanganya: raba ya zamani imeshakuwa ya mguu wako, soli ya ndani imechukua umbo la nyayo zako, na unailinganisha na mpya ambayo haijakunjwa hata mara mia. Wapo niliowaambia wavumilie wiki mbili, na baada ya hizo wiki mbili hawakutaka tena kuirudia ya zamani. Wapo waliovumilia wakaumia. Kumtambua mapema nani ni nani, siwezi. Nawatazama wakikimbia, nawauliza wanasikia nini, nakisia.

Na kuna kosa la upande wa pili. Wanariadha wakisikia toleo lao linaondolewa, hununua jozi nne, tano, wakaziweka sandukuni. Sponji linazeeka hata bila kukimbiwa. Soli za poliyurithani, aina ya plastiki, huliwa na unyevu wa hewa mpaka zikamomonyoka kama keki kavu. Wenzetu wa Tanga na Dar wanalijua hili kuliko sisi wa milimani. Gundi nayo huachia. Raba ya mtumba ya toleo unalolipenda inaweza kuwa imekimbia kilomita zake zote Ulaya kabla haijakufikia. Bonyeza soli kwa kidole gumba ubavuni: ikiwa na makunyanzi yasiyofutika na haibonyei, hiyo ni ya kwendea sokoni. Jozi mbili za akiba zinatosha. Huku ukizitumia, anza kuuzoesha mguu toleo litakalozirithi kwenye mazoezi mepesi, kilomita 5, mara mbili kwa wiki, kamwe usianzie kwenye spidi.

Jumanne mzee alirudi, safari hii na kijana. "Shikamoo, Dokta." "Marahaba." Niliweka raba zote mbili mezani, nikamwomba mzee aingize mkono ndani ya kila moja, apapase pale vidole vinapokaa. Akapapasa. Akarudia. Kisha akamwambia kijana avue soksi, akautazama mguu wake, nadhani kwa mara ya kwanza: mpana mbele kama wa mtu aliyekua peku, kidole kidogo kimevimba ubavuni.

"Sasa hizi mpya, mwanangu, tuzifanyeje?"

"Nimempa Baraka ajaribu, mzee. Yeye ana mguu mwembamba. Tangu juzi hazivui."

Mzee akaitoa simu, akaniomba nimwandikie jina la toleo la nyuma na namba, vizuri, kwa herufi kubwa.